Wageni wanafuata nini Nairobi?

Pita Westlands au Kilimani jioni utawaona: Mhindi wa programu za kompyuta, Mfaransa wa umeme wa jua, Mnigeria wa benki. Wana vibali vya kazi mfukoni. Wewe una digrii kwenye bahasha ya kaki, na nauli ya kesho bado hujaipata. Hasira inakuja yenyewe. Lakini jiulize kwanza: mbona wao wanakuja huku, na marafiki zako wanahangaikia viza ya kutoka?

Pesa, ndiyo, ila si vile unavyodhani. Wengi wao wangelipwa vizuri hata kwao. Tofauti ni kwamba dola ikibadilishwa hapa inalipa nyumba kubwa, yaya, dereva na shule nzuri ya watoto, mambo ambayo London ni ya matajiri tu. Halafu kuna kazi yenyewe. Kule kijana wa miaka 30 ni mmoja kati ya mamia kwenye ofisi moja. Hapa anakabidhiwa kitengo kizima. Makao ya Umoja wa Mataifa yako Gigiri, M-Pesa ilizaliwa hapa 2007, na mtu akitaka kujulikana katika teknolojia ya pesa, Nairobi inampa jina haraka. Kiingereza kinaongewa, theluji hakuna. Hata mimi ningekuja!

Kwa hivyo usimchukie mgeni. Amefuata riziki, kama shangazi yako aliye Doha.

Mtu wa kubanwa ni mwajiri. Kibali cha daraja la D hutolewa kwa ujuzi ambao haupatikani nchini, na mwajiri hutakiwa kutaja Mkenya atakayejifunza kazi hiyo chini ya mgeni ili aje kuirithi. Hapo ndipo tunapochezwa. Ni mara ngapi huyo “mrithi” ni jina tu kwenye fomu, la mtu anayetumwa kupiga chapa makaratasi na kuagiza chai? Kibali kinaisha, kinaongezwa muda, na ujuzi bado “haupatikani”. Utapatikanaje kama hakuna anayefundishwa?

Kama unafanya kazi chini ya mtaalamu wa kigeni, nenda kwa meneja wa wafanyakazi uulize kwa upole: nani ameandikwa kwenye kibali cha bosi, na mwaka huu amefundishwa nini? Usishangae ukiambiwa ni wewe.