Sola: Ipimwe Kabla ya Kulipiwa

Kila masika, nyumba zenye sola Mbeya na Iringa hurejea kwenye kibatari. Kulikoni? Mnunuzi alikadiria kwa jua la Septemba, akasahau mawingu ya Januari. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 100 kila usiku; kwa mawingu hayo yatakiwa paneli isiyopungua wati 50. Betri ya gari tunaikataa, kwani hufa upesi ikikaushwa mara kwa mara.

Lakini linalotuuma zaidi ni hadaa. Kubandika "100" juu ya paneli ya wati 60 ni kupunja mizani. Paneli ipimwe juani, adhuhuri isiyo na wingu: ya wati 100 hutoa ampea 5 hivi. Muuzaji akikataa kipimo, mnunuzi aondoke na fedha zake.