Nani Amezoea Kifo Beni?

Iko dhana iliyoenea tangu Beni hata Butembo, na huko Goma na Kinshasa wanakotutazama kwa mbali imekuwa kama itikadi, ya kwamba watu wa huku wamekwisha kuzoea: kwamba mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, na Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 isikome mpaka tarehe 25 Juni 2020, yamezifanya nyoyo zao kuwa ngumu, hata mwenye kuzika leo kesho hushika panga akaenda kwenye shamba lake la kakao kana kwamba hapakuwa na jambo. Maneno haya husemwa kwa namna ya sifa, na wasemaji wake ni wafanyabiashara, wahubiri na wakubwa wa serikali. Mimi nayaona ni uongo, tena uongo wenye madhara, maana humnyima mgonjwa hata haki ya kuitwa mgonjwa.

Isitoshe, dhana hii haikuzaliwa kwetu. Aliyeivika joho la elimu alikuwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyekabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, ilhali hakuwa amepata mafunzo ya maradhi ya akili. Aliwahesabu Waafrika walioletwa kwake, akaona wenye huzuni nzito ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika hashikwi sana na maradhi hayo. Na pasipo haya akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka 1953, na mwaka uliofuata ikatoka ripoti aliyowaandikia watawala wa Kenya juu ya Mau Mau. Ajabu ya mtu huyu ni kwamba hakujiuliza vya kutosha nani hasa aliyekuwa akiletwa Mathari. Aliletwa aliyepiga watu sokoni, aliyekwenda uchi barabarani, aliyekamatwa na polisi. Hakuletwa mama aliyejifungia chumbani siku nyingi bila kula, ambaye jamaa zake walimwita mvivu au walimpeleka kwa mganga.

Waliofuata walikwenda kumtafuta mama huyo. Mwaka 1979 John Orley, tabibu aliyefanya kazi Uganda, pamoja na John Wing wa London, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako hawakungoja mgonjwa aletwe na askari bali waliwafuata watu majumbani. Wakaikuta huzuni nzito imeenea kuliko ilivyokuwa kwa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London.

Lakini anayestahili kusomwa zaidi na watu wa Kivu ni Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kukihesabu kile ambacho wengine walidai hakipo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, yeye na wenzake waliwapima wagonjwa 2,770 katika vituo 10 vya tiba nchini Kenya, watu waliokuja kwa homa, majeraha na maradhi mengine ya kila siku. 42 katika kila mia walikuwa na dalili za sonona, yaani ile huzuni nzito, kuanzia nyepesi hata kali, ilhali wale ambao tabibu wao alikuwa ameandika ugonjwa wowote wa akili katika majalada yao walikuwa 114 tu, yaani kama wanne katika mia. Msomaji na asimame hapo kidogo. Maradhi yalikuwa yameketi kwenye benchi, mbele ya daktari, na daktari akaandika jina lingine. Naye Ndetei hakutosheka na hesabu: taasisi ya utafiti aliyoiasisi mwaka 2004 ilikwenda hata Makueni kuwafundisha wauguzi, wahudumu wa vijijini, waganga wa jadi na viongozi wa dini kuzitambua dalili hizo. Wako watakaokunja pua wakisikia profesa ameketi na waganga. Mimi namuunga mkono, kwa kuwa mgonjwa alikwisha kufika kwa mganga zamani, akamwacha profesa nyuma.

Sasa tazama kituo cha afya cha Oicha, au cha Katwa, asubuhi ya siku ya soko. Mama aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti anaketi mbele ya muuguzi na kusema kichwa kinawaka moto, moyo unapiga mbio, mgongo unauma, usingizi hauji. Muuguzi anamchoma kidole, anatafuta malaria, haioni, na hata hivyo anampa dawa ya malaria, kwa sababu foleni ni ndefu na dawa hiyo ndiyo iliyopo. Mwezi wa pili mama anarudi, safari hii ni tumbo. Hatamki kwamba ana huzuni, kwani huzuni haipelekwi hospitali. Hupelekwa kwa padri, au kwenye chumba cha maombi. Wala hakuna aliyemuuliza ni nani waliokuwa wakilala katika nyumba yake na ni nani waliobaki. Mwisho wa mwaka daftari linasomwa, malaria imejaa kurasa nzima, na huzuni haina hata mstari; ndivyo Carothers anavyoendelea kuandika kwa mkono wa muuguzi wetu, ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake.

Nitajibiwa kwamba maduka ya Butembo hufunguliwa asubuhi baada ya usiku wa risasi. Ni kweli, na hufunguliwa kwa sababu watoto wanataka kula. Anayeuchukua mlango uliofunguliwa kuwa ushahidi wa moyo uliopona angeingia akamtazama mwenye duka akihesabu noti zile zile mara tatu.

Vivyo hivyo tulisomwa vibaya zama za Ebola. Septemba 2018 watu 961 wa Beni na Butembo waliulizwa maswali, na mmoja katika kila wanne akajibu kwamba ugonjwa huo haupo. Dunia ikacheka ujinga wetu. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba hata theluthi moja haikutimia ya walioamini kuwa wakuu wa mahali pao wanawajali, na hilo halikumchekesha mtu. Aliyeona jirani zake wakichinjwa miaka minne bila mwokozi, kisha akaona misururu ya magari ikija kwa ajili ya homa, alikuwa na haki ya kushuku.

Wako pia wasemao kwamba ni upuuzi kutibu roho kabla ya vita kwisha. Hoja hii naiheshimu zaidi, lakini ilikwisha kujibiwa hapa hapa Kivu. Mwaka 2013 Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walitoa habari za wanawake 405 wa vijiji vya Kivu Kusini na Kaskazini, walionusurika na jeuri za ubakaji, ambao baadhi yao walitibiwa kwa mazungumzo ya vikundi yakiongozwa na wasaidizi wa kienyeji wasio madaktari, na wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 katika mia kwa wale wa vikundi, na 42 katika mia kwa wengine. Vita havikuwa vimekwisha. Tena wakati wa Ebola, Beni na Butembo, wanawake waliopona ndio waliowabeba na kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Nani atasema kwamba hatuna watu wa kazi hiyo?

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, hufundisha utabibu. Kijana wake mmoja akichagua maradhi ya akili, wazazi wake wasimlilie kana kwamba ameipoteza ada, na kazi yake ya kwanza iwe kupanda milima hii nyumba kwa nyumba kama walivyofanya Orley na Wing. Mpaka hapo, anayeshikilia kwamba watu wa Beni wamezoea na alete hesabu yake, na atuambie alimhesabu nani.