Mkono Usio na Meza

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya wastaafu. Mzee mmoja aliyetumikia jeshi miaka mingi aliitwa mbele achague picha kwenye kioo kikubwa kwa kifaa cha mkononi, mfano wa rimoti ya televisheni, ambacho husogeza kishale kufuata mwelekeo wa mkono. Kishale kiliruka huku na huku; kila alipobonyeza, kilikwisha kuhama. Vijana wakacheka. Mzee akakirudisha kifaa, akaketi kimya.

Kosa halikuwa la mkono wake. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Meza ndiyo iliyobeba uzito wa mkono. Ukikiachilia, kishale hutulia palepale. Mkono ulioinuliwa hewani hutetemeka, hata wa kijana, na kifaa hupokea kila mtetemo kana kwamba ni amri.

Askari wanaijua shida hii pengine kuliko wahandisi: anayevuta kifyatulio kwa pupa huusogeza mtutu, risasi ikaenda kando. Kitufe kilichowekwa juu kwa ajili ya dole gumba hufanya vivyo hivyo, kwani dole hukisukuma kifaa chote chini. Afadhali kitufe kikae upande wa chini, kidole cha shahada kikibane kuelekea kiganjani. Na afadhali zaidi kishale kisisogee ila kitufe cha pili kikiwa kimeshikiliwa, ili mtu apate kushusha mkono na kupumzika. Wako wanaotuliza mitetemo kwa hesabu ndani ya kifaa. Ni vyema, lakini ikizidi kishale huburuta nyuma ya mkono.

Hata kamba ya kifundoni si jambo dogo. Nintendo walipoanza kuuza mchezo wa Wii mwaka 2006, wachezaji waliizungusha rimoti yake kwa nguvu, kamba zikakatika, na televisheni za watu zikavunjika. Desemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2, na kamba mpya zikawa nene zaidi.

Wakati wa mapumziko nilimfuata yule mzee. “Afande,” nikamwambia, “egemeza kiwiko juu ya kiti, ubane pumzi kama uwanjani kwa shabaha.” Akanitazama kidogo, akakishika kifaa, akaipata picha mara ya kwanza. Kisha akauliza wale vijana wamekwenda wapi.