Gesi au umeme? Kariakoo anayeamua ni mwenye LUKU



Juzi jioni kijiweni ubishi uliwaka. Mshikaji wetu mmoja kahamia chumba kipya jirani na Mtaa wa Sikukuu, na safari hii kaapa hataki tena kuona mkaa. Swali lake lilikuwa dogo tu: anunue mtungi wa gesi wa kilo 6, au anunue ile presha kuka ya umeme? Dakika mbili hazijaisha, watu wamegawanyika kama Simba na Yanga. Huyu anasema umeme unakula hela, yule anasema gesi ni bomu ndani ya chumba, mzee mmoja akamaliza kwa kusema mkaa ndio chakula kinanoga.

Nikarudi nyumbani na kalamu nikapiga hesabu. Nimeona niwaletee hapa, kwa sababu jambo hili si la jikoni tu. Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mwezi huohuo alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Sasa tujiulize: hizo ahadi zikishuka mpaka kwenye chumba kimoja cha kupanga Kariakoo, zinakutana na nini?

Tuanze na mkaa, maana ndio adui tunayeambiwa tumkimbie. Watu hawaupendi mkaa kwa sababu ni wajinga. Mkaa unauzwa kwa kopo. Ukiwa na buku unapika leo, kesho Mungu mkubwa. Lakini anayenunua mkaa wa buku mbili kila siku, kwa mwezi ametoa 60,000. Hiyo ni hela ya mtungi mdogo mara mbili na chenji inabaki. Maskini analipa zaidi kwa sababu analipa kidogo kidogo, na hana siku ambayo 24,000 imekaa mfukoni ikiwa imetulia. Hapo ndipo mkaa unapotushika, tena kwa miaka mingi.

Sasa gesi. Kuna kitu wengi tunakosea, na hata kijiweni kilileta kelele. Watu wanasema "gesi yetu ya Mtwara ipo, kwa nini mtungi ghali?" Jamani, gesi iliyo kwenye mtungi siyo gesi ya Mtwara wala ya Songo Songo. Gesi ya kwetu karibu yote ni methani. Hiyo huwezi kuishindilia kwenye mtungi wa jikoni ikawa maji, mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ya mtungi ni propani na butani, na sisi tunaileta kwa meli. Kwa hiyo bei yake inafuata soko la dunia na dola. Dola ikipanda, mtungi wako wa Kariakoo nao unapanda, hata kama baharini kwetu kuna gesi ya kujaza dunia.

Gesi yetu inakwenda wapi basi? Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kufika Dar 2004. Bomba la kutoka Mtwara likakamilika 2015. TPDC wameunganisha baadhi ya nyumba, kwa mfano Mikocheni na Sinza, zinapika kwa gesi ya bomba. Lakini sehemu kubwa inachomwa kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi kutengeneza umeme. Umeona mchezo? Anayepika kwa mtungi anapika kwa gesi ya wageni. Anayepika kwa umeme ndiye anayepika kwa gesi ya Mtwara, pamoja na maji ya Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa mapema 2024. Ndiyo maana siku hizi TANESCO wenyewe wanatuhimiza tupike kwa umeme, wakati mwaka 2006 na hata mwishoni mwa 2023 tulikuwa gizani kwa mgao. Hofu ya mgao haijatoka kichwani, na simlaumu mtu.

Haya, hesabu. Kaeni vizuri.

Kilo 6 za gesi zina nguvu sawa na kama uniti 76 za umeme. Lakini moto wa gesi unapita pembeni ya sufuria, kinachoingia kwenye chakula ni kama nusu au zaidi kidogo, tuseme uniti 40. Jiko la umeme la koili nalo linapoteza, ila kidogo zaidi. Kupata zilezile uniti 40 ndani ya sufuria utanunua kama uniti 60.

Uniti 60 ni shilingi ngapi? Hapa ndipo penye siri. Kwa bei zilizowekwa 2016, mteja wa kawaida, wale wa T1, analipa 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, inafika kama 356. Mara 60 ni 21,360. Kwa hiyo kama mtungi unaujaza kwa 24,000, gesi na koili wanakaribiana sana, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Lakini kuna wateja wa D1, wale wa matumizi madogo. Wao uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 tu, pamoja na makato 122. Kwao uniti 60 ni 7,320. Hapo gesi imepigwa vibaya! Ukivuka uniti 75 unakutana na 350, na makato inakuwa 427, na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1.

Sasa rudi kwenye nyumba zetu. Nyumba ya Kariakoo ina vyumba sita, saba, au ni ghorofa ambalo kila floo ina wapangaji kibao, na wengine wanachangia LUKU moja. Uniti 75 zinahesabiwa kwa mita, hazihesabiwi kwa watu. Mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake na kuwasha taa mbili anaonekana maskini, anapewa nafuu. Familia sita zenye kipato cha kuunga-unga, kwa sababu zimebanana kwenye mita moja, zinaonekana mteja mmoja tajiri. Nafuu iliyotungwa kwa ajili yao inawapita dirishani.

Na hata hiyo bei ya T1 mpangaji haifikii vizuri. Mshikaji wetu kaambiwa siku ya kwanza: marufuku jiko la umeme, marufuku hita, pasi mwisho mara moja kwa wiki. Mama mwenye nyumba si mkorofi. Anajua LUKU ikiisha saa nne usiku vyumba sita vitagombana nani kala uniti. Kwa hiyo lile swali la "gesi au umeme" kwake lilishajibiwa kabla hajauliza. Kabaki na mtungi au mkaa.

Nasikitika kwa sababu kifaa ambacho kingemfaa kuliko vyote ni hiyo presha kuka. Kupika maharage kwenye koili ya wati 1,000 kwa saa mbili ni uniti mbili, shilingi 712. Presha kuka ya wati hizohizo inachemsha, presha ikishapanda inajikata, inakaa na joto lake lililofungiwa ndani. Maharage yanaiva kwa kama nusu uniti. Hiyo ni shilingi 178 kwa bei ya T1! Mkaa wa hela hiyo haupo, hata wa jero haufikishi maharage. Ila chapati hupiki humo, wala samaki wa kukaanga. Hapo gesi ndiyo mwenyewe.

Wenzetu Ulaya wana ubishi unaofanana na huu, ila wao ni wa kupasha joto nyumba. Wabaki na boila ya gesi au waweke pampu ya joto, ile mashine inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani. Kwa uniti moja ya umeme inaleta kama uniti tatu za joto. Lakini Uingereza uniti ya umeme imekuwa karibu mara nne ya uniti ya gesi, kwa hiyo mashine nzuri inaonekana haina faida, na mpangaji hawezi kuiweka bila mwenye nyumba kukubali. Umbali wote huo, na mwisho wa siku ni bei na mwenye nyumba!

Nini kifanyike? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, mtungi wa ruzuku ni mzuri, lakini tatizo la maskini siyo mtungi wa kwanza, ni kujaza wa pili. Wangapi mnawajua wenye mtungi mtupu unaotumika kama stuli? Dawa ni gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, yenye mita kwenye mtungi. Teknolojia hiyo ilizaliwa hapahapa Dar, kwa KopaGas, na mwaka 2020 Circle Gas wakainunua kwa dola milioni 25. Kenya inajulikana kama M-Gas. Gesi ya buku ndiyo pekee inayoweza kupambana na mkaa wa buku.

Pili, mita ndogo kwa kila chumba, na nafuu ya D1 ihesabu kaya badala ya nyumba. Hakuna mkakati wa 2034 utakaofika Kariakoo kama mpangaji hana LUKU yake.

Tatu, usalama. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni. Acha dirisha wazi, pima mpira kwa povu la sabuni, usitumie kiberiti kupima! Na jiko la umeme usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu.

Kwa mshikaji wetu ushauri wangu ni huu: kama una LUKU yako, nunua presha kuka kwanza, mtungi mdogo ufuate kwa ajili ya kukaanga. Kama LUKU ni ya wote, nunua mtungi, kisha kaa na mama mwenye nyumba umwoneshe hesabu ya hiyo nusu uniti. Mlipe mia mbili kila siku unayopika maharage, umezidisha na umebakiwa na heshima.

Wadau, wangapi hapa mna mita yenu wenyewe, na wangapi mmekatazwa jiko la umeme? Mwageni uzoefu wenu hapo chini, bila matusi tafadhali.

Naomba kuwasilisha.