Lenzi ya bei kubwa si lazima iwe lenzi ya Mama



Ujumbe uliingia usiku kwenye kundi letu la familia. Mama kapimwa, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Chini yake kulikuwa na picha ya karatasi ya hospitali yenye bei tatu za lenzi: ya chini, ya kati na ya juu. Sisi ni watatu wa tumbo moja. Wawili tuko Oman kwenye kazi za ndani, mmoja yuko Doha mjengoni. Hadi alfajiri tulikuwa tumeshakubaliana kwamba Mama awekewe ile ya juu. Awekewe ya chini kwa nini, na watoto wake wako Uarabuni?

Tunaandika haya kwa sababu tulikosea, na tunaona wenzetu wengi wako njiani kukosea vilevile. Msimamo wetu ni huu: kwa wazazi wetu walio wengi, lenzi ya kawaida iliyopimwa vizuri, kwenye macho yote mawili, ni bora kuliko lenzi ya gharama kwenye jicho moja.

Tuwaeleze yaliyotukuta. Lenzi ile ilikula zamu yetu ya upatu pamoja na akiba ya miezi mitano. Jicho la pili tukasema litafuata, Mungu akipenda. Mama ni mkaanga vitumbua huko Tanga, anaamka saa kumi alfajiri. Bandeji ilipotoka alifurahi sana, alisema hakujua kama khanga zake zina rangi kali hivyo. Lakini siku zilivyokwenda, taa za bodaboda usiku akaziona zina pete kubwa kubwa, na kwenye mwanga hafifu wa jikoni vitu vikawa havijitengi vizuri. Hakutuambia. Hakutaka kutuvunja moyo baada ya gharama ile, jirani ndiye aliyetuambia. Huku nyuma jicho la pili likazidi kufifia. Mwaka uliofuata alikosea kidato cha mlangoni, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia. Miezi mitatu hakuna vitumbua, na pesa ya kutibu mkono tulikopa.

Hatumlaumu daktari. Karatasi ilikuwa na bei tatu, sisi ndio tuliochagua. Na tukisema kweli, hatukuchagua kwa ajili ya macho ya Mama. Tulichagua kwa ajili ya aibu yetu ya kuwa mbali naye. Katika watatu sisi, hakuna hata mmoja aliyepiga simu kumuuliza: Mama, wewe unataka kuona nini?

Basi tuanzie hapo, kwenye nini kinanunuliwa. Ndani ya jicho mna lenzi tuliyozaliwa nayo. Ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya matone wala mitishamba inayouyeyusha, kwa hiyo anayemuuzia mzazi wako kichupa cha namna hiyo anakula pesa yako tu. Daktari anaitoa lenzi iliyochakaa na kuweka nyingine ya kutengenezwa, ambayo hukaa humo maisha yote. Haitolewi kusafishwa, wala haibadilishwi kila mwaka kama miwani.

Lenzi ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja. Mara nyingi huchaguliwa ya mbali: mtu anaona njia, nyuso na magari, halafu anavaa miwani ya kusomea kwa kazi za karibu. Anaweza pia kuomba iwe ya karibu, kama ni mshonaji au msusi wa mikeka, kisha miwani ikawa ya mbali. Ipo lenzi ya kurekebisha jicho ambalo mviringo wake hauko sawa. Hiyo ina faida kwa mwenye tatizo hilo, na vipimo ndivyo vitasema kama analo. Halafu ipo ile ya juu, ya mbali na karibu kwa pamoja. Inafanya hivyo kwa kuugawa mwanga, sehemu uende huku na sehemu kule. Ndiyo maana wengine huona pete kwenye taa usiku, na kwenye giza giza vitu havikolei.

Hatusemi lenzi hiyo ni mbaya. Ina watu wake: mwenye macho yasiyo na ugonjwa mwingine, anayechukia miwani kabisa, anayeweza kulipia macho yote mawili, na asiyefanya kazi gizani. Lakini wazazi wetu wangapi wako hivyo? Wengi wana sukari ambayo imeshaanza kugusa nyuma ya jicho, wengine wana presha ya jicho. Kwa macho ya namna hiyo, kuugawa mwanga huweza kumpunguzia hata kile kidogo alichonacho. Na kwa kuona mbali tu, lenzi ya juu haimfanyi mtu aone zaidi ya lenzi ya kawaida. Unacholipia ni kupunguza miwani.

Wengine watasema cha bei ndogo ni kibovu. Sivyo. Lenzi ya kwanza kabisa iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley. Aliona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita havikuleta madhara makubwa, akatengeneza lenzi kwa plastiki ya aina hiyo. Baadaye, mwaka 1992, India wakaanzisha kiwanda cha Aurolab pale Madurai, makusudi kabisa ili lenzi zishuke bei na maskini waone. Lenzi zake zimesambaa nchi nyingi na watu wanaona. Bei ilishuka kwa sababu zilitengenezwa nyingi, si kwa sababu zilitengenezwa vibaya.

Kinachoharibu zaidi ni vipimo vibaya. Kabla ya upasuaji, mashine hupima urefu wa jicho na mviringo wake wa mbele, na namba hizo ndizo zinazoamua nguvu ya lenzi. Zikikosewa, hata lenzi ya dhahabu itamwonyesha ukungu. Kwa hiyo, kabla hujabonyeza "tuma", pata majibu ya maswali haya:

Je, jicho limepimwa kwa mashine, na nyuma ya jicho pamekaguliwa? Je, kuna sukari au presha ya jicho? Je, bei hiyo ni ya jicho moja au mawili? Je, ndani yake zimo dawa za matone, kurudi kliniki na miwani? Na mgonjwa mwenyewe kwa siku anafanya kazi gani, na saa ngapi?

Pesa igaweni hivi. Kwanza upasuaji wa jicho la kwanza kwa lenzi ya kawaida. Pili matone, nauli ya kurudi kliniki na mtu wa kumshika mkono. Tatu jicho la pili, ambalo fungu lake lianze siku ileile ya jicho la kwanza, si "baadaye". Nne miwani. Kama kuna zamu ya upatu, ombeni mapema ipangwe mwezi wa jicho la pili. Ombeni ankara ya maandishi, pesa ilipwe hospitali yenyewe, na risiti ipigwe picha. Si kwamba ndugu si waaminifu, ila pesa ikipita mikono mitatu hupungua yenyewe.

Upasuaji wenyewe ni mfupi, kwa kawaida haufiki saa moja, na jicho hutiwa ganzi tu. Kazi kubwa iko nyumbani baadaye. Matone yatiwe kwa wiki kadhaa kama daktari alivyoandika, hata kama jicho linaona vizuri. Asilisugue, asilale bila kikinga jicho siku za mwanzo, asibebe ndoo, asikae kwenye moshi wa kuni. Kwa Mama yetu hilo la moshi lilikuwa na maana ya kufunga biashara kwa muda, na hatukulihesabu. Ninyi lihesabuni, mtume na pesa ya matumizi ya siku hizo. Jicho likiuma sana, likiwa jekundu au likipoteza nuru ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo, si kesho.

Miwani isinunuliwe wiki ya kwanza, jicho lisubiriwe litulie. Na ikitokea baada ya miezi au miaka ukungu ukarudi, msifikiri lenzi imeoza. Ni utando ulioishikilia ndio unaoingia ukungu, nao hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache tu. Kadi yenye namba ya lenzi itunzwe pamoja na vyeti.

Na wewe uliye huku, jicho lako nalo ni mtaji. Kipande cha chuma kutoka kwenye mashine ya kukatia kikikupiga jichoni kinaweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Matone yenye steroidi yaliyonunuliwa bila daktari na kutumiwa muda mrefu huleta vilevile. Vaa miwani ya kazi hata msimamizi asipouliza. Ukihitaji upasuaji, panga likizo kwanza, maana vumbi na mizigo haviendani na jicho bichi. Na kama unaendesha gari usiku au unapanda jukwaa la ujenzi, mwambie daktari hivyo kabla hajakuchagulia lenzi.

Jicho la pili la Mama lilifanywa mwaka jana. Safari hii tulimuuliza. Alisema: "Wanangu, mimi nataka kuona mafuta kabla hayajanirukia, na nione nani anapita barabarani. Msahafu nitavaa miwani, hata baba yenu alivaa." Akawekewa ya kawaida, ya mbali. Miwani yake ya kusomea aliipata kwa bei ya sinia mbili za vitumbua.

Kumbe jibu lilikuwa kwake muda wote, na lilikuwa rahisi kuliko karatasi ile. Pigeni simu kwanza, pesa ifuate.