Mbegu ya Miezi Tisa, Marejesho ya Kila Wiki
Watafiti wa Ukiriguru, wilayani Misungwi, wamepambana miaka mingi na magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Huu wa pili ni ugonjwa wa kilaghai kwelikweli: shina limesimama, majani yapo, lakini ukipasua muhogo unakuta madoa makavu ya kahawia, haufai hata kwa udaga. Hapo ndipo ilipotoka aina ya Mkombozi, inayoustahimili. Kazi nzuri, nani abishe? Ila pingili zake safi za kupanda zinauzwa, na mkulima wa Sengerema asiye na akiba anakimbilia mkopo. Muhogo huvunwa baada ya miezi 9 hadi 12. Marejesho ya mkopo wa kausha damu yanaanza wiki inayofuata. Atalipa nini, kisamvu? Anauza mbuzi, na msimu ujao anarudi kwenye pingili za bure za jirani, ugonjwa ukiwa ndani yake. Kwenye kikoba angalau watu wanajuana na kusikilizana, ingawa mfuko wenyewe mara nyingi ni mwembamba. Napendekeza majaribio ya mbegu yapime na mkopo wake: mkulima alipe akishavuna, kisha tuhesabu ni mashamba mangapi bado yana Mkombozi msimu wa tatu.