Mitishamba ya China: cheti kwanza, malipo baadaye

Kutazama bei, rangi na harufu hakumtoshi mnunuzi wa mitishamba ya China. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nafasi ya mzizi wa Stephania tetrandra katika vidonge vya kupunguza unene ilichukuliwa na ule wa Aristolochia fangchi. Kwa Kichina yote huitwa fangji. Watu zaidi ya 100, karibu wote wanawake, waliharibiwa figo. Kipimo cha kromatografia kingeibaini sumu hiyo kabla mali haijauzwa.

Mfanyabiashara, dai cheti cha maabara kwa kila shehena, chenye namba ileile iliyo kwenye gunia. Cheti cha mwaka jana hakisemi lolote juu ya mzigo wa leo. Gharama ya kipimo huingia kwenye bei. Figo ya mteja hairudi. Mali bila daftari hupotea bila habari.